Anayetia Mkono, Atundike Kufuli

"Mikono yako tutaichukua," Bwana Kamera alisema. "Uso, hapana. Usije ukakasirika, mama."

Fyuzi hakukasirika. Tuseme hakukasirika bado. Alikuwa amesimama katikati ya karakana ya mafunzo na bisibisi mkononi, mwalimu mzima wa umeme, mbele ya kijana aliyeshuka kwenye gari asubuhi ileile na kamera, taa na mdomo. Upande wa kushoto wa uso wake, kuanzia chini ya jicho mpaka shingoni, ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa. Lilikuwa kovu la moto wa umeme. Wanafunzi wake walilizoea ndani ya siku chache, wakaacha hata kuliona. Bwana Kamera alikuwa haoni kitu kingine.

"Video hii ni ya kuvuta wasichana," alieleza. "Wataiangalia na wazazi wao. Sasa mzazi akikutana na... unanielewa. Tutaleta mwigizaji. Yeye atakuwa sura, wewe utakuwa mikono. Na hiyo mikono yako nimeitazama, mama. Haitetemeki hata kidogo."

Alidhani amemsifu. Kuna watu Mungu amewanyima breki ya ulimi, akawapa kamera iwe kifuta machozi.

Meneja alikuwa pembeni, mikono mfukoni, akiitikia kwa kichwa. Kampuni ya umeme ilikuwa na karakana hiyo ya kufundishia mafundi vijana, na yeye ndiye aliyeisimamia pamoja na jengo zima la ofisi. Darasa la wasichana lilikuwa la Fyuzi. Alilianzisha, akalipigania, na sasa lilikuwa linamfia mikononi, maana wasichana walikuwa hawaji.

"Wewe mwenyewe unajua hali," Meneja alisema. "Siku ya wazazi ikipita na hatujapata wasichana wa kutosha, darasa nalifunga. Sina ugomvi na mtu. Benchi tupu halifundishiki."

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Hilo la Fyuzi alipachikwa na wenzake siku za uanafunzi, kwa sababu alikuwa mtu wa kuvumilia, akavumilia, akavumilia, kisha akakatika; na akishakatika hapakuwa na kumbembeleza. Siku ile alivumilia. Darasa lilikuwa kubwa kuliko uso wake.

"Sawa," alisema. "Leteni hiyo sura."

Aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, katika nyumba ambayo chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea na vyumba vya nyuma vilikuwa vya kulala, ingawa vipande vya vitambaa havikuutambua mpaka huo. Dada alisikiliza habari yote bila kusimamisha cherehani.

"Mikono tu?" aliuliza mwishowe. "Bahati iliyoje. Mimi wangenitaka kisigino tu, ningekipaka mafuta wiki nzima."

"Dada, si jambo la kucheka."

"Sicheki. Nakuhesabia baraka zako." Alikata uzi kwa meno. "Na hao watu wana akili zao. Nani atapeleka mtoto wake mahali baada ya kuona..." Alikuwa na mdomo, lakini si wa kummaliza mdogo wake.

Binti yake alikuwa anapiga pasi upande wa pili wa meza. Alikuwa amemaliza shule mwaka ule, na tangu utotoni alikuwa akifungua redio za majirani bila kuombwa, na nyingine zilirudi zikiimba. Alitaka kuingia darasa la mama yake mdogo. Alitaka hilo tu, na kila aliyejaribu kumtajia ualimu au ukarani alijibiwa kwa kutazamwa.

"Mama, siku ya wazazi utakuja?"

"Nitakuja. Nitaangalia mikono ya mdogo wangu, nitapiga makofi, nitarudi."

"Na kuniandikisha?"

"Hilo sahau."

"Sisahau."

"Basi kumbuka, lakini huendi."

Fyuzi alifungua mdomo, dada yake akamuwahi. "Usiniambie kitu. Niliuguza mmoja. Nilikaa pale hospitalini nikikulisha uji kwa mrija, na wewe huwezi hata kulia kwa sababu machozi yanakuchoma. Unataka niseme nini? Kwamba ni kazi ya wanaume? Sisemi upuuzi huo. Naogopa. Basi. Naogopa."

Karakana haikupokea mtoto bila ridhaa ya mzazi, na mzazi alikuwa ameshasema. Unamjibu nini mtu aliyekulisha kwa mrija? Lakini ilimuuma Fyuzi, kwa sababu mtoto yule alimpenda kama wa kumzaa, na mikono ya kiufundi kama yake hakuwahi kuiona kwa mwanafunzi yeyote. Akajiambia kwamba video hiyo, kwa uso wowote watakaoutafuta, lazima imlainishe dada yake. Kwa hilo alikuwa tayari kuwa mikono.

Siku ya kupiga video, kazi iliyochaguliwa ilikuwa ya kweli: kubadilisha swichi zilizoungua ndani ya paneli ya ghorofa ya juu, ile inayolisha ukumbi wa mikutano na ofisi ya Meneja mwenyewe. Wageni kutoka makao makuu walitarajiwa mchana kwa mkutano. Mpaka wafike, kazi ingekuwa imekwisha zamani.

Mwigizaji alifika amepakwa poda, ovaroli yake mpya bado ina mikunjo ya dukani. Wanafunzi walimwita Sura kabla hajamaliza kusalimia, naye akacheka, akalipokea jina. Fyuzi alikuwa amejiandaa kumchukia na kazi hiyo ikamshinda. Msichana alikuwa na adabu, aliamkia watu wote mpaka mfagiaji, na alishika koleo kichwa chini kwa unyenyekevu kabisa.

Fyuzi aliwateremsha wote kwenye chumba cha swichi kuu, chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye harufu ya vumbi lililopata joto. Alizima swichi ya ghorofa ya juu. Kwenye mpini wake akafunga bamba la chuma lenye matundu mengi, na katika tundu la kwanza akatundika kufuli lake lililoandikwa FYUZI kwa rangi. Bamba likiwa pale, mpini haupandi. Kufuli likiwa pale, bamba halitoki. Wanafunzi wakafuata, kila mmoja na kufuli lake, kila mmoja na ufunguo mfukoni mwake.

"Anayetia mkono, atundike kufuli," Fyuzi alisema, akimpa Sura kufuli jekundu. "Ufunguo ukae kwako. Usimpe mtu, hata mimi. Mkono wako ukiwa bado ndani na mwingine akataka kuwasha, hili ndilo litakalomkatalia."

"Mama, huyu ni mwigizaji," Bwana Kamera alisema. "Anatia mkono nusu dakika tu, anatoa."

"Umeme hauhitaji hata hiyo nusu."

Sura akatundika. Mwanafunzi mmoja akaliandika jina lake kwa kalamu nene juu ya chuma, SURA, wenzake wakapiga makofi, na Bwana Kamera akayapiga picha hata hayo makofi.

Huko juu kila kitu kilimkera kijana huyo. Fyuzi aliijaribu kwanza testa yake kwenye soketi ya ngazini, ambako umeme ulikuwapo, ikawaka. Akaigusisha kwenye kila waya wa paneli, ikakaa kimya. Kisha akarudi tena ngazini na kuijaribu kwenye soketi ileile.

"Mbona unarudi kulekule?"

"Testa nayo hufa. Ikinifia mkononi, itaniambia waya hauna umeme, na mimi nitaiamini."

"Hiyo sehemu tutaiondoa. Watu watasinzia."

"Ukiondoa hiyo, ondoa na mikono yangu."

Bwana Kamera akaendelea kupiga.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Mikono ya Fyuzi ilifungua, ikachomoa, ikasafisha shaba mpaka ikang'aa, ikakaza. Kila ilipofika hatua nzuri, kijana alimwomba asogee, Sura anaingia mahali pake, anatia mkono palepale, anatabasamu, anatoka. Fyuzi alisimama nyuma ya taa akitazama uso wa mtu mwingine ukipokea kazi yake. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akijiambia kwamba hajali anavyotazamwa, na kumbe anajali, tena sana.

Mfuniko wa paneli ukafungwa. Waliteremka kwenye chumba cha swichi, kila mtu akatoa kufuli lake, na Fyuzi akatoa la kwake la mwisho. Tuseme alidhani ni la mwisho. Kwenye bamba lilibaki moja jekundu.

"Sura yuko wapi?"

Wakatazamana. Bwana Kamera alikuwa amemwambia imetosha, naye akashukuru na kwenda zake. Kwa fundi, kazi huisha kufuli likishatoka. Kwa mwigizaji, huisha kamera ikizimwa. Hilo lilikuwa kosa la Fyuzi na alilijua palepale. Hakuhesabu vichwa kabla ya kufunga mfuniko. Wakampigia Sura simu, ikalia ndani ya begi la Bwana Kamera, alikoiweka mwenyewe isije ikaharibu video.

Wanafunzi walitawanyika kumtafuta. Chooni hayupo. Ofisini hayupo. Stoo imefungwa kwa ndani au kwa nje, hakuna aliyejua. Na wakati huo wageni wa makao makuu walikuwa wameshaketi ukumbini bila taa, bila feni, bila kipaza sauti, mkubwa wao akijipepea kwa bahasha.

Meneja aliteremka ngazi mbilimbili.

"Washa."

"Kuna kufuli, bosi."

"La nani?"

"La Sura."

"La nani? Yule wa kupakwa poda?" Meneja alicheka kwa pua. "Likate, washa, tuendelee na maisha."

"Hatujui yuko wapi."

Askari wa getini, aliyekuwa amemfuata Meneja ili asipitwe na jambo, alitia neno. "Mimi nimemwona akitoka. Kapanda pikipiki."

"Umemwona uso?"

"Alikuwa na helmeti. Lakini ni yeye, ovaroli ni ileile."

"Ovaroli hizo zimejaa jengo zima," Fyuzi alisema. "Hata wewe unayo moja nyumbani unayolimia."

Wanafunzi wakaangua kicheko, Meneja hakucheka. Alikwenda mwenyewe kwenye kabati la zana, akarudi na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, akiushika kwa mikono yote miwili. Fyuzi akasogea, akasimama kati yake na ile swichi, mgongo karibu uguse lile kufuli. Hapo ndipo alipokatika.

"Kufuli hili halikatwi."

"Fyuzi, toka hapo."

"Sitoki."

"Paneli imefungwa! Umeifunga wewe mwenyewe! Hakuna mtu mle ndani!"

"Labda hakuna."

"Labda?"

"Mimi sijui yuko wapi. Wewe unajua? Sema unajua, usiseme unadhani. Sema, nitoke."

Meneja aliurekebisha mkasi mikononi. Taa ya betri ya Bwana Kamera ilikuwa inamulika pembeni, nyeupe na kali, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumfikiria Bwana Kamera.

"Siku ile na mimi walisema nimetoka," Fyuzi alisema. Hakupaza sauti. "Hatukuwa na makufuli. Tulikuwa na kipande cha boksi kimeandikwa usiwashe, kimefungwa kwa kamba. Bosi wetu alikuwa na haraka, kama wewe leo. Akauliza, yule msichana yuko wapi? Mtu akasema, nimemwona akitoka getini. Na hakusema uongo, alimwona mtu kweli. Ila hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nimelala chali nyuma ya paneli, nakaza nati, naimba. Wakatoa boksi lao, wakawasha." Aliugeuza uso, akalileta shavu la kushoto kwenye mwanga. "Sasa hii hapa ndiyo 'nimemwona akitoka.' Itazame vizuri, bosi. Najua hupendi kuitazama. Leo itazame."

Mwanafunzi mmoja, machozi yakimlengalenga, alipita chini ya mkono wa Meneja na kunyoosha kufuli lake alitundike tena kwenye bamba kando ya lile jekundu.

"Toa hilo!" Fyuzi alimkemea. "Una mkono ndani ya paneli wewe? Huna. Basi kufuli lako lina kazi gani hapa? Hatutundiki kwa ubishi. Siku mkitundika kwa ubishi, hakuna atakayeyaamini tena."

Msichana akarudi nyuma na kufuli lake. Hata Meneja alipigwa na butwaa kidogo.

"Nitakufukuza kazi," alisema alipojikusanya.

"Nifukuze. Ukimaliza kunifukuza utanikuta bado nimesimama hapa."

"Na darasa nalifunga leo. Sisubiri siku ya wazazi."

Hilo lilimfika. Alimwona binti wa dada yake na pasi mkononi, akisema sisahau. Aliogopa, na alijua kwamba anaogopa, na miguu yake haikusogea.

"Lifunge," alisema. "Nikikuacha ulikate hili, nitakuwa sina cha kuwafundisha."

Meneja aliinua mkasi. Aliutazama, akamtazama yule mwanamke, akakisia upana wa nafasi iliyobaki kati ya bega lake na ukuta. Ndipo macho yake yakagongana na kamera.

"Wewe! Unafanya nini? Zima!"

"Nimezima, bosi," alisema Bwana Kamera, huku taa nyekundu ya kamera ikiwaka waziwazi. Alikuwa na mdomo, lakini siku ile mdomo ulikuwa upande wa haki.

Wakabaki hivyo. Mkasi ulikuwa mzito, na mikono ya Meneja haikuzoea kushika chuma, ikaanza kushuka yenyewe. Juu walisikika wageni wakiburuta viti. Hakuna aliyetoka mle chumbani, hata askari, ambaye alikuwa ameanza kujiuliza kwa nini hakubaki getini kwake.

Sura aliingia akitafuna. Alikuwa na mfuko wa chakula mkononi na soda kwapani.

"Jamani, kuna msiba?"

"Ulikuwa wapi?" waliuliza wote pamoja.

"Kula. Nimetokea mlango wa nyuma, kuna mama anauza hapo. Nilishikwa na njaa."

"Hukupanda pikipiki?" Fyuzi aliuliza.

"Pikipiki? Mimi? Naziogopa kama nini."

Askari wa getini alitazama viatu vyake. Meneja yeye alipata nguvu. "Mmeona? Nilisema! Alikuwa nje! Alikuwa nje muda wote, anakula!"

"Ulisema," Fyuzi alimjibu. "Hukujua."

Sura alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli lake kwa mkono wake. Fyuzi akatoa bamba, akapandisha mpini, na juu wageni wakashangilia taa kama watoto. Meneja alipofika mlangoni aligeuka. "Siku ya wazazi haiahirishwi, watu wameshaalikwa. Lakini ikipita, wewe na hilo darasa lako mtanijua."

Wanafunzi walimhadithia Sura yaliyotokea, wote kwa wakati mmoja, na alipoelewa alikaa chini kwenye ngazi na chakula chake kikapoa.

"Ungefukuzwa kwa ajili ya kufuli langu?" alimwuliza Fyuzi. "Mimi niliyekaa mahali pako?"

"Mahali pangu ni habari nyingine. Mkono ulikuwa wako."

Msichana akalia, poda ikachora mifereji. Kesho yake alimpigia Bwana Kamera na kumwambia kwamba uso wake hautatumika, avunje mkataba, amshitaki, afanye apendavyo. Kama anahitaji uso, anao. Si aliupiga muda wote kule chini?

Bwana Kamera alikuja karakana bila taa na bila maneno mengi. Alimkuta Fyuzi akipanga nyaya.

"Mama, nataka kutumia uso wako. Ukikubali."

"Wote?"

"Wote."

"Na upande huu?"

"Huo hasa."

Fyuzi aliendelea kukunja waya mpaka ukaisha. "Basi weka na ile ya testa," alisema. "Kwenda na kurudi. Yote."

Meneja aliletewa video aiangalie kabla. Aliangalia mwanzo: mikono, shaba inayong'aa, muziki mzuri. Simu yake ikaita. Akasema safi sana, iende hivyohivyo, akatoka. Wakubwa wengi huangalia mambo kwa namna hiyo, na safari hii namna hiyo ilisaidia.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa kuliko ilivyotarajiwa. Dada alikaa safu ya pili na gauni alilojishonea kwa ajili hiyo, binti yake kando yake, amekaa kwenye ncha ya kiti. Taa zikazimwa. Mikono ilipojitokeza ukutani, mikubwa, tulivu, dada alimgusa mama aliyekaa jirani. "Ya mdogo wangu hiyo," alinong'ona, kwa sauti iliyofika safu ya tano. Testa ikaenda, ikarudi, na hakuna aliyesinzia. Yakaja makufuli, moja baada ya jingine, na majina yake. Halafu ukuta mzima ukawa uso wa Fyuzi.

Watu walivuta pumzi. Meneja alisimama. "Simamisha hiyo," alimwambia Bwana Kamera aliyekuwa kwenye mashine.

"Hii ikishaanza haisimami, bosi," Bwana Kamera alisema kwa masikitiko makubwa. "Labda ingekuwa ile ya zamani."

Dada hakuwasikia. Alikuwa akimsikiliza mdogo wake akisema nimelala chali, nakaza nati, naimba. Miaka yote ile aliuliza kama inauma, kama amekula, kama amepaka dawa. Hakuwahi kuuliza ilikuwaje. Hakutaka kujua. Alijiziba mdomo kwa mkono na machozi yakampita juu ya vidole, na hakuyafuta mpaka pale ukutani mdogo wake aliposema lifunge, na mkasi ukashuka.

Taa zikawashwa. Hakuna aliyepiga makofi. Meneja alikuwa ameshanyakua kipaza sauti.

"Wazazi, msiogope," alisema haraka haraka. "Hayo ni mambo ya zamani kabisa, siku hizi..."

"Waache waogope," Fyuzi alisema kutoka pembeni ya ukumbi alikosimama. Hakuhitaji kipaza sauti. "Mimi mwenyewe naogopa kila asubuhi nikifungua paneli. Asiyeogopa umeme simtaki darasani kwangu."

Baba mmoja aliinua mkono. Alikuwa amemleta binti yake na sasa alikuwa amemshika begani, kama anayetaka kuondoka naye. "Mwalimu, nikuulize bila kuzunguka. Wangu akiungua je?"

"Siwezi kukuahidi kwamba hataungua. Fundi atakayekuahidi hivyo, mchukue mtoto wako ukimbie. Nitakuahidi kitu kimoja. Kabla hajashika waya, nitamfundisha kukataa. Kumkatalia bosi, kumkatalia mteja, kumkatalia mume, kunikatalia hata mimi. Asipojua kukataa, hatoki hapa na cheti."

Dada aliinuka, akanyoosha gauni lake, akamshika binti yake mkono. Meneja, akidhani wa kwanza anaondoka, akasogea kumpisha njia ya mlangoni. Dada akampita. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya mbele, akamtazama mdogo wake usoni, upande huu na upande huu, bila haraka, kisha akamgeukia Meneja.

"Naogopa bado," alisema, na safu ya mwisho ikasikia. "Lakini mwandike huyu. Kukataa anajua tangu tumboni. Nyinyi mfundisheni umeme tu."